Kimara hadi Feri kwa Miguu

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaijua Barabara ya Morogoro kwa kuichungulia dirishani, huku kiwiko cha jirani kikiwa mbavuni. Kuitembea kwa miguu kutoka Kimara Mwisho mpaka Feri ni kama kilomita 16, na mtu mwenye afya ya kawaida anaimaliza kwa asubuhi moja. Huhitaji mazoezi ya jeshini. Unahitaji kuamka mapema, kuvaa viatu vilivyokwisha kukuzoea, na kuchagua njia kwa akili.

Hilo la njia ndilo watu hulikosea. Anayetaka kutembea sana mjini huwaza kwanza mandhari: upepo wa bahari, vivuli vya Oysterbay, majumba ya Masaki. Akichoka katikati, yuko mbali na usafiri wa bei nafuu, na kwa kuwa hapendi kushindwa anaendelea kujikokota mpaka aumie. Njia ya kuchagua ni ile unayoweza kuiacha dakika yoyote bila hasara. Barabara ya Morogoro haina uzuri wa picha, lakini tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita katikati yake, na kituo kimoja hakiko mbali na kingine. Goti likigoma kituo cha Shekilango, unapanda basi hapohapo na safari imeishia hapo. Kwa sababu hiyo usiihesabu njia hii kwa kilomita. Ihesabu kwa vituo, na jiulize swali moja katika kila kituo: nina hali ya kufika kinachofuata?

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, masika yakiwa yamekwisha na joto limepungua. Machi hadi Mei acha kabisa, sababu utaiona tukifika Jangwani. Siku iwe Jumapili, magari yanapopungua. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu kunapokucha. Katika msongamano wa jiji mtu hutembea kama kilomita nne kwa saa. Ukiongeza mapumziko, utafika Feri mnamo saa tano na nusu, kabla jua la utosi halijakukuta barabarani. Kutoka Kimara kuna faida nyingine: unaanzia kilimani na kushuka kuelekea baharini. Ubaya wake ni kwamba unaelekea mashariki, hivyo jua la asubuhi litakupiga usoni. Vaa kofia ya pama au jitande kanga.

Viatu viwe raba ulizozivaa miezi kadhaa, zenye nafasi mbele ya vidole, maana miguu huvimba kadiri unavyotembea. Raba mpya ni za kuonyeshea watu, si za safari hii. Ndala nazo ziache nyumbani. Paka mafuta ya mgando kati ya vidole, kwenye visigino na mapajani, palepale ngozi inaposuguana. Ukihisi sehemu inawaka, simama uifunike kwa plasta saa hiyohiyo. Ukingoja kituo kinachofuata, lengelenge litakuwa limeshatokea. Likitokea usilipasue njiani, kwa sababu vumbi la Manzese si dawa.

Joto linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo linaloangusha watu, na wengi hulipima vibaya. Mwili hujipoza jasho linapokauka juu ya ngozi. Dar hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hutiririka bila kukauka: unapoteza maji na chumvi, na ubaridi huupati. Kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo, kama nusu lita kwa saa, usisubiri kiu. Maji matupu kwa saa nyingi hayatoshi. Chumvi iliyotoka na jasho lazima irudishwe. Dafu ni zuri na linaburudisha, ila lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, basi lisindikize kwa karanga au korosho zenye chumvi, au mihogo ya kukaanga. Unaweza pia kubeba chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini inayouzwa maduka ya dawa. Ya nyumbani hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi kwa kudhani inaongeza nguvu.

Kichwa kikiuma, kizunguzungu au kichefuchefu kikianza, kaa kivulini, lowesha shingo na kwapa, na siku hiyo usiendelee tena. Mwenzio akianza kuzungumza yasiyoeleweka, au ngozi yake imekuwa ya moto sana na anaonekana kupotewa na fahamu, hiyo ni dharura: mmwagieni maji, mpepeeni, na atafutiwe usafiri wa kwenda hospitali hapohapo. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya siku yenyewe.

Kutoka Kimara unashuka hadi Ubungo, hapo ndipo penye barabara za juu za Kijazi, zilizofunguliwa 2021, zenye ngazi tatu. Kwa dereva ni raha tupu, kwa mwenda kwa miguu ni fumbo: magari ya barabara za Mandela, Sam Nujoma na Morogoro yanakutana hapo. Usijikatie njia ya mkato. Fuata vivuko vilivyochorwa hata kama vinakuzungusha.

Kuvuka kwenyewe kuna utaratibu. Kwenye barabara hii unavuka sehemu tatu: magari ya kawaida, njia ya mwendokasi, kisha magari ya kawaida tena. Nusu ya kwanza angalia kulia, nusu ya pili angalia kushoto, halafu angalia pande zote mbili hata hivyo, maana bodaboda hana upande. Basi la mwendokasi ni refu, zito, na halisimami kwa hisani. Penye daraja la waenda kwa miguu, kama pale Manzese, panda ngazi.

Baada ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, unaingia Manzese, na hapo mwendo utapungua wenyewe kwa wingi wa mitumba, supu na wauza kahawa. Simu iwe mfuko wa mbele. Kibegi kining'inie upande wa maduka, si upande wa barabara, kwani vibaka wa pikipiki hukwapua wakipita. Beba noti ndogo na sarafu. Utazihitaji kwa chungwa lililomenywa na kwa choo cha kulipia. Vyoo vya uhakika ni vya sokoni, stendi na vituo vya mafuta. Usiache kunywa maji kwa kuogopa choo, kosa hilo ni la kawaida sana, hasa kwa wanawake.

Magomeni ni mahali pa mapumziko marefu. Uko zaidi ya nusu ya njia, chai na chapati hazikosekani, na nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere enzi za kudai uhuru iko huko, sasa ni makumbusho.

Mbele yake ni bonde la Msimbazi, Jangwani. Ni wazi, halina kivuli, na mto ukijaa barabara hufungwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na bonde hili lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Mvua ikiwa imenyesha usiku, au ukiona maji yamegusa barabara, panda basi kama njia bado inapitika, ama rudi Magomeni. Usikanyage maji usiyoona chini yake. Mitaro ya wazi haionekani. Usiku usipite hapa kwa miguu, hata mkiwa wawili.

Ukipanda kutoka Jangwani unapita Fire, kisha chuo cha DIT, na mji wa kale unaanza. Barabara ya Morogoro inaishia karibu na Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe lililojengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar. Pinda kushoto, upite Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front, yote mawili ya enzi za Wajerumani, bahari ikiwa mkono wa kulia mpaka Feri. Hapa kamera ipumzike: Ikulu ya Magogoni iko jirani, na askari hawatataka kusikia habari za matembezi.

Kula samaki sokoni hapo Feri, lakini usikae mara moja kwa muda mrefu. Zunguka taratibu kwa dakika kumi ili misuli isikaze. Kisha panda mwendokasi kituo cha Kivukoni, ukae upande usio na jua. Ukifika nyumbani osha miguu, ikaushe vizuri kati ya vidole, na kagua kucha. Kesho yake tembea kidogo, hata kama ni mpaka dukani tu.