Dondoo muhimu: Kadi ya diski kwa seva ya nyumbani

Kwanza hesabu matundu ya SATA kwenye ubao mama. Una diski nne na matundu manne? Seva yako hapo Nzahaha, Rusizi, haihitaji kadi. Fedha za kadi nunulia UPS.

Diski zikizidi, tafuta kadi ya LSI 9211-8i au 9207-8i iliyotumika, yenye programu dhibiti ya IT, ili mfumo wa faili wa ZFS uone kila diski moja kwa moja. Kadi ya RAID huzificha. Ikifa, huenda ukahitaji nyingine ya aina ileile ndipo data isomeke, na kuipata Rusizi si kazi ndogo.

Joto ndilo ninalolisisitiza zaidi. Kadi hizi za LSI zilitengenezewa seva zenye feni kali. Ndani ya kasha la kawaida, jirani na bonde lenye joto la Bugarama, kipoza joto cha kadi huunguza kidole. Funga feni ya milimita 40 juu yake.

Tundu moja la SFF-8087 kwenye kadi huhudumia diski nne. Agiza kebo ya kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski. Ya kinyume hufanana nayo lakini haifanyi kazi.

Vikadi vinavyogawa tundu moja la SATA kuwa matano, viache dukani.