Mkanda wa mashine ya kusaga unateleza: tuanzie wapi?

Ndugu wanachama, mashine ya kusaga mahindi na muhogo ikipoteza nguvu, wengi tunasema «motere imechoka». Mara nyingi motere ni nzima, ni mkanda ndio unateleza. Tuangalie hivi:

1. Kwanza tuzime motere, tungoje puli zisimame kabisa. Mkanda unaozunguka unakata vidole. Kitenge na shati pana vifungwe vizuri.

2. Tusukume mkanda kwa kidole gumba, katikati ya puli mbili. Puli zikiachana mita 1, mkanda ushuke kama sentimita 1.5. Ukishuka zaidi, tukaze. Lakini hapana kukaza kupita kiasi: beringi zitakufa mbio.

3. Tuvute kamba ubavuni mwa puli zote mbili. Kamba isipogusa sawasawa, puli zimepinda, na mkanda utalika upande mmoja.

4. Mkanda unashika kwa mbavu zake. Ukilika mpaka ukagusa chini ya mfereji wa puli, hata tukaze namna gani utateleza tu. Tubadilishe. Kama mashine ina mikanda mitatu, tubadilishe yote pamoja, sivyo ule mpya utabeba mzigo peke yake.

Tusipake mafuta wala sabuni: mafuta yanaharibu mpira.

Tukienda kununua Goma, tuchukue nambari iliyo mgongoni mwa mkanda wa zamani, mfano B68. Huku Masisi na Walikale, mvua ikiharibu barabara, kipuri kinakawia na akina mama wanarudi na mahindi yao kichwani. Kwa hiyo koperative iweke mikanda ya akiba, pakavu, mbali na jua na mazuti.