Yohane Alimsubiri Petro



Wengi tunazijua mbio za CRDB Bank Marathon, zilizoanza mwaka 2020 kuchangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mwaka mmoja nikiwa likizo, vijana wa parokia tulikodi Coaster alfajiri kutoka Mbagala hadi Oysterbay. Muziki, fulana mpya, shangwe tele.

Njiani binti mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hajawahi kushiriki, akaniambia, "Frateri, mimi naogopa. Tukimbie wote hizo kilomita tano." Nikamwambia asijali, niko naye.

Hatukufika mbali akabanwa na kichomi. Nikasema, "Twende taratibu, nakusubiri hapo mbele." Sikumsubiri. Nilimaliza, nikavaa medali, nikapiga picha. Yeye alifika baadaye sana, anatembea peke yake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Hongera, Frateri."

Medali ile ilikuwa nzito ghafla. Nimelipa kiingilio kwa ajili ya watoto nisiowajua, nikashindwa kupunguza mwendo kwa mtu niliyemwahidi!

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Kumtakia mema aliye mbali ni rahisi: unalipa, basi. Aliye karibu anakudai muda wako na mwendo wako.

Someni Yoh 20:3-8. Asubuhi ya Pasaka, Petro na yule mwanafunzi mwingine, ambaye kwa Mapokeo ni Yohane, wanakimbilia kaburini. Yohane ana mbio zaidi, anatangulia kufika. Lakini haingii. Anabaki nje mpaka Petro afike, na Petro ndiye anayeingia kwanza. Petro yuleyule aliyemkana Bwana mara tatu!

Sisemi kukimbia haraka ni vibaya. Paulo mwenyewe anatuhimiza tushindanie tuzo (1 Kor 9:24). Ila safari yetu ya imani inafanana zaidi na mchakamchaka: wimbo mmoja, mwendo wa wote.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, nilimwomba msamaha yule binti. Akacheka: "Mwakani usiniache."

Swali la wiki: ni nani nyumbani, kwaya au jumuiya uliyemwahidi kumsubiri, na bado yuko nyuma peke yake?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyetembea na wale wawili wa Emau kwa mwendo wao, utufundishe kusubiriana. Amina.