Maji ya Magadi na Ndege Wake

Hakuna mama wa Masama asiyejua magadi. Huuzwa Kwa Sadala siku ya gulio, na kipande kidogo kikitiwa katika chungu cha maharage, maharage huiva upesi na kuni hupungua. Lakini wengi wetu hatujui magadi hupatikanaje, wala ni viumbe gani wanaoishi katika maji yake. Nataka kueleza habari hiyo kama nilivyojifunza darasani, na kama nilivyoona muhula huu darasa letu lilipokwenda Momella.

Maziwa ya Momella yako mashariki ya Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Arusha, ambayo ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Kutoka kwetu tulipita Boma Ng'ombe na Maji ya Chai, tukapinda kulia kuelekea mlimani. Maelfu ya miaka iliyopita upande mmoja wa Meru uliporomoka, tope na mawe yakamiminika mashariki, na maji yakakaa katika mabonde yaliyobaki. Hayo ndiyo maziwa yenyewe.

Sasa, magadi huingiaje? Mawe ya volkano yana sodiamu nyingi. Mvua ikinyesha, maji hupenya ardhini, huyeyusha madini hayo kidogo kidogo na kuyapeleka ziwani. Kama ziwa lingekuwa na mto wa kutokea, madini yangechukuliwa mbali. Lakini maji ya namna hii hayana mlango. Jua huyageuza kuwa mvuke, na madini hubaki, kama vile chumvi inavyobaki chunguni maji yakikauka motoni. Tulitia karatasi nyekundu ya litmasi, ikageuka buluu mara moja. Maji yasiyo asidi wala alkali yana pH ya 7, na ya Momella Kubwa hupita 9. Kila hatua moja katika kipimo hiki ni mara kumi, basi hatua mbili ni mara mia.

Mtu angedhani kwamba maji makali hivyo hayana uhai. Kumbe yamejaa uhai! Tuliona bata wa aina nyingi, vibisi wanaozamia, na kandokando yake twiga, nyati na kuro. Kila ziwa lilikuwa na rangi yake, moja kijani, jingine karibu buluu, maana mwani wa ziwa moja si mwani wa jingine. Na katikati walisimama heroe, mamia kwa mamia, vichwa vikiwa chini.

Heroe wa nchi yetu ni wa aina mbili, mkubwa na mdogo. Heroe mkubwa hula wadudu na vijidudu vya majini. Heroe mdogo hula hasa spirulina, kimea kidogo kisichoonekana ila kwa hadubini, kinachositawi katika maji ya magadi. Hugeuza mdomo wake juu chini ndani ya maji, na ulimi huvuta maji na kuyasukuma nje kama pampu. Ndani ya mdomo mna nyuzinyuzi nyembamba zinazozuia chakula kama kichujio cha chai. Rangi yake ya waridi hutoka katika chakula hicho. Kinda huzaliwa na manyoya ya kijivu. Chumvi iliyozidi mwilini hutolewa na tezi zilizo kichwani, ikatoka puani. Maji ya kunywa hutafuta kwenye chemchemi.

Heroe wa Momella ni wageni tu. Hawatagi pale. Wakati wa kuzaa ukifika husafiri usiku mpaka Ziwa Natron, kaskazini-magharibi, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao bado unatoa moto; uliwaka kwa nguvu mwaka 2007. Zamani wataalamu hawakujua heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanazaa wapi, mpaka mwaka 1954 Leslie Brown alipoviona viota vyao Natron kutoka katika ndege. Alijaribu kuvifikia kwa miguu, tope la magadi likamchoma vibaya hata akalazwa hospitali. Ukali huo ndio ngome ya heroe, kwa sababu fisi na mbweha hawawezi kuvuka. Kila jozi hujenga kiota cha tope kama kichuguu kidogo na kutaga yai moja tu.

Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima huzaliwa Natron. Mahali pengine wanapozaa ni pachache, kama Botswana, Namibia na India. Mwaka 1962 walitaga katika Ziwa Magadi la Kenya, na magadi yakagandamana miguuni mwa makinda kama pingu. Watu walikwenda kuyavunja kwa mikono, wakaokoa maelfu. Basi hata Magadi, ambalo nalo ni ziwa la magadi, halikuwa salama kwao kama Natron.

Hapa pana swali linalotuhusu. Magadi hutengeneza kioo na sabuni, na nchi yetu yahitaji viwanda. Mwaka 2006 lilitolewa shauri la kujenga kiwanda kikubwa Natron. Wengi walipinga, na shauri lile halikutimizwa. Baadaye magadi mengi yaligunduliwa chini ya ardhi huko Engaruka. Mimi naona hesabu hii ni nyepesi: magadi yaweza kuchimbwa mahali pengine, lakini heroe hawawezi kuambiwa wakazae mahali pengine. Natron iliandikwa mwaka 2001 katika orodha ya ardhi oevu zinazolindwa kwa mkataba wa mataifa wa Ramsar, na yatupasa kulitimiza neno letu.

Nina jambo moja kwa wazazi. Mawe yale yale ya volkano hutoa pia floraidi, na maji ya Momella yanayo nyingi mno. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasipite miligramu 1.5 kwa lita. Huko Ngurdoto maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe ili kuipunguza. Sisi wa Masama twaweza kusema maji yetu ya mlimani ni mazuri, yatutishe nini? Lakini magadi ya chunguni nayo huwa na floraidi. Meno ya kudumu ya mtoto hujengeka ndani ya ufizi kabla hajatimiza miaka minane hivi, na floraidi ikizidi wakati huo, meno hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki. Mtu mzima akila maharage yale yale, meno yake hayapati madoa hayo.

Kwa hiyo, maharage ya watoto wadogo yaloweshwe maji usiku kucha, asubuhi maji hayo yamwagwe, ndipo yapikwe pasipo magadi. Yataiva. Kuni zitaongezeka kidogo, lakini meno hununuliwi sokoni. Heroe ameumbiwa magadi; mtoto hakuumbiwa.