Fito za Mishale: Anzia Kwenye Visiki

Miombo ya Kolwezi, huku Katanga, Kongo, imekatwa mno kwa ajili ya makaa, na inauma kuona. Lakini visiki vingi bado vina uhai, na hapo ndipo mchonga mishale apatapo fito bora.

1. Tafuta kisiki cha misimu miwili au mitatu. Machipukizi yake hugombania jua, kwa hiyo hurefuka wima bila matawi mengi. Ingiza mkono katikati ya kichaka. Fito za pembezoni hujipinda kufuata mwanga. Ukimaliza, bakiza machipukizi mawili matatu yenye nguvu, mti upate kurudi.

2. Vilima vya shaba vipite tu. Ukikuta upara wa nyasi katikati ya msitu, na ule mmea wa maua unaoitwa Haumaniastrum katangense, jua udongo umejaa shaba na miti imeushindwa. Teremka bondeni.

3. Ukiona mkole, tua mzigo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, huutumia kwa pinde na kwa mishale pia, maana ni mgumu na bado unanesa. Mukula uache kabisa, hata chipukizi. Umevunwa Katanga kupita kiasi kwa soko la China.

4. Kata mwezi wa sita au wa saba, kabla ya mioto mikali ya mwisho wa kiangazi. Chagua unene wa kidole kidogo. Funga jicho moja uangalie ufito toka shina hadi ncha, kisha upinde kidogo na kuuachia: usiporudi sawa, si wako. Kwenye urefu wa mshale, ongeza upana wa kiganja kila upande, kwa sababu ncha hupasuka zikikauka.

5. Matete ni mepesi, ila yanataka kipande cha mti mgumu mbele cha kushikia kigumba. Usiyakate Musonoi wala Luilu, mito iliyopokea maji machafu ya migodi. Kumbuka, wengi wetu hunyoosha fito kwa meno, na uchafu huo utaingia kinywani!

6. Usimenye gamba mapema. Funga fito pamoja kwa kamba ya maganda ya miombo, zikae kivulini wiki kadhaa. Ndipo uzimenye, upashe moto palipopinda juu ya makaa, unyooshe, na ushikilie hapohapo mpaka papoe.