MAS-ALA YA FIQHI: KUNUNUA GARI LA HAIBRIDI KWA MKATABA



Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, mlango wa biashara tunausoma darasani kwa mifano ya tende, ngano na ngamia. Mwaka huu nataka tuusome kwa mfano wa gari, kwa sababu mfano huo ulinijia mlangoni na mimi mwalimu wenu sikuufaulu.

Msimu mmoja, baada ya minada ya RUNALI na malipo ya korosho kuingia, mzee mmoja wa hapa Kiegei alinijia na karatasi. Mwanawe aliyeko Masasi alikuwa amepata Toyota Prius iliyotumika, ya kubebea abiria. Katika nyumba yao hakuna aliyewahi kumiliki hata pikipiki. Karatasi ilisema: taslimu shilingi milioni 12, au kwa mkataba atangulize milioni 5 kisha alete hesabu ya shilingi 25,000 kila siku kwa siku 360. Akichelewa, faini 5,000 kwa siku. "Ustadhi, nitazamie kama ni halali," akasema.

Nikatazama. Nikazidisha: 25,000 mara 360 ni milioni 9, ukijumlisha na ile 5 inakuwa milioni 14. Bei ya mkopo kuzidi bei ya taslimu si riba, maadamu wameafikiana bei moja kabla ya kuachana. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilipitisha hivyo, na ndiyo kauli ya wanazuoni wengi tangu zamani. Wakiachana bila kuchagua baina ya bei mbili, hapo biashara imeharibika. Faini ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe, deni kuongezeka kwa muda. Nikakipiga mstari kifungu hicho, muuzaji akakubali kukifuta, nikarudi nyumbani nimejiridhisha. Nilikuwa nimetafuta riba tu. Sikuuliza gari lenyewe ni kitu gani.

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme, na lina betri mbili. Moja ni ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Ya pili ni kubwa, imekaa upande wa nyuma. Katika Prius nyingi tunazoziona imeundwa kwa vipande 28 na ina volti zaidi ya 200. Betri hiyo hujichaji gari linapofunga breki au injini inapozunguka. Kwa hiyo gari hili linabana mafuta zaidi mjini, penye foleni na kusimama mara kwa mara, kuliko safari ndefu isiyo na foleni. Aliyezoea foleni ya Dar es Salaam atalisifu. Kwa njia zetu, na chini likiwa limeinuka kiasi cha sentimita 14 tu, mimi nisingelichagua, ila hilo si jambo la halali na haramu.

Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kwenye tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi letu la kiangazi likiziba tundu hilo, betri hupata joto na kufa mapema. Kipande kimoja kikidhoofu, baadhi ya mafundi hukibadilisha hicho peke yake na gari likatembea tena, lakini vile vya zamani vilivyobaki huanza kufuata kimoja kimoja. Taa ya onyo nayo inaweza kuzimwa kwa kufuta kumbukumbu za kompyuta ya gari siku ya kuuza, ikakaa siku kadhaa bila kuwaka.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa nne pembetatu nyekundu ikawaka. Kijana, kwa kuogopa hesabu ya siku, akaendelea kubeba abiria wiki mbili nzima. Gari likasimama. Fundi alipofungua betri akakuta vipande vya rangi na umri tofauti, ushahidi kwamba iliwahi kufunguliwa kabla ya kuuzwa. Muuzaji akaonyesha karatasi: "gari limeuzwa jinsi lilivyo". Na hesabu ya 25,000 ikaendelea kudaiwa wakati gari limelala.

Sasa tuifungue fiqhi. Kwanza, maneno "jinsi lilivyo". Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti la kujivua kasoro humwokoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama, na aliyefungua betri alijua. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa na khiyari ya kasoro, yaani haki ya kurudisha mali na kupewa fedha zake. Lakini khiyari hiyo ni ya papo hapo. Ukishaijua kasoro unaacha kukitumia kitu na kumwendea muuzaji. Zile wiki mbili za abiria ndizo zilizoidhoofisha haki ya mzee wangu, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Pili, je, ule mkataba ulikuwa wa kuuza au wa kukodisha? Kadi ya gari ilibaki kwa jina la muuzaji, na kifungu kimoja kilisema hesabu ikikosekana siku kumi gari linarudi na fedha zote zimepotea. Kama ni kukodisha, betri kubwa ikifa ni juu ya mwenye gari. Kama ni kuuza, hasara ni ya mnunuzi, ila muuzaji hana ruhusa ya kuchukua gari na fedha pamoja. Analishika kama rahani, likiuzwa anachukua deni lake na kinachozidi anakirudisha. Karatasi ile ilitaka faida ya pande zote mbili. Baraza la Fiqhi, katika kikao cha Riyadh mwaka 2000, lilikataza mikataba miwili tofauti juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mikataba mingi ya bodaboda huku kwetu ina ugonjwa huo huo.

Tatu, tiba ya asiye mjuzi. Zama za Mtume (S.A.W.) alikuwepo Sahaba aliyekuwa akidanganywa katika kununua. Mtume alimfundisha aweke sharti kila anunuapo kwamba pasiwe na udanganyifu, na katika baadhi ya riwaya akapewa khiyari ya siku tatu. Ndiyo khiyari ya sharti tunayoisoma, na haizidi siku tatu kwa Mashafii. Siku tatu zinatosha kwa gari: liendeshwe kwa muda mrefu, lipande mlima, litazamwe kama alama ya betri inapanda na kushuka haraka kupita kiasi, tundu la feni lifunguliwe, na fundi alipime kwa kompyuta. Nyaya nene za rangi ya machungwa asiziguse fundi asiyejua haibridi; umeme wake unaua. Muuzaji akikataa siku tatu, jibu umelipata.

Wapo wanaouliza habari za benki. Amana Bank ilianza mwaka 2011, na CRDB ilifungua huduma ya Al Barakah mwaka 2021. Katika murabaha benki hulinunua gari kwanza, likawa lake, kisha hukuuzia kwa faida inayojulikana. Uliza mambo mawili: je, gari litakuwa mali ya benki kabla ya kuniuzia? Na je, malipo yanaweza kupangwa kwa misimu? Mkulima wa korosho hana mshahara wa mwezi.

Mzee na muuzaji walisuluhishwa. Deni lilipunguzwa milioni moja na nusu, betri nyingine ikaagizwa Dar es Salaam, na fedha za msimu uliofuata zikaishia humo. Mzee hajanilaumu. Siku hizi karatasi ikija naomba na gari lije.

Zoezi (wanafunzi wafanye na wazazi wao): Ali ameambiwa pikipiki ni milioni 3 taslimu au milioni 3 na nusu kwa miezi kumi. Ameondoka nayo bila kusema amechukua bei ipi. Jumatatu ameona injini inavuja mafuta, akaendelea kuitumia hadi Ijumaa. Taja makosa yaliyopo, na useme nani amlipe fundi. Majibu yaletwe Alkhamisi.