Ini Lenye Mafuta na Ushahidi wa Homoni

Abiria wapandao treni ya TAZARA Dar es Salaam kuelekea Mlimba, baadhi yao hushuka Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru. Tuchukulie kwamba hakuna ashukaye pengine. Stesheni masta wa Ifakara, akijua idadi ya waliopanda na kuwahesabu waliobaki, aweza kutambua ni wangapi walioshuka Kisaki, ijapokuwa yeye hakuwako. Kwa njia kama hiyo kazi ya ini hupimwa kutokana na damu.

Insulini hutengenezwa na kongosho. Kila molekuli ya insulini hutoka pamoja na molekuli moja ya peptidi C, kwani hapo awali zote mbili zilikuwa sehemu za molekuli moja. Damu huzipeleka kwanza katika ini. Ini lenye afya huizuia insulini kwa kadiri ya nusu, bali peptidi C huiacha ipite. Hiyo huja kuondolewa hasa na mafigo.

Kwa mfano, kongosho likitoa molekuli 100 za kila aina, na ini likazuia insulini 50, zitakazotoka ni peptidi C 100 na insulini 50: uwiano wa 2 kwa 1. Ini lililojaa mafuta likizuia 30 tu, uwiano utakuwa 100 kwa 70, yaani 1.4 kwa 1. Katika damu ya mwili mzima uwiano huwa mkubwa zaidi, maana peptidi C hudumu kuliko insulini. Lakini kushuka kwake huonyesha kwamba ini limelegea.

Ini huhesabiwa kuwa na maradhi hayo mafuta yanapozidi asilimia 5. Ini la namna hiyo haliitii insulini barabara: huendelea kumwaga sukari katika damu hata mtu akiisha kula. Kongosho hulazimika kuongeza insulini, na likichoka, kisukari cha aina ya pili huingia.

Jambo hili latuhusu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiofikia 1 katika kila 100 wa vijiji 6 vya Tanzania. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za upimaji hazikuwa sawa, lakini tofauti ni kubwa. Tena ini lenye mafuta aghalabu haliumi. Mtu hulima, hufundisha na kusafiri bila kujua. Heri ni kwamba mafuta hayo hupungua mtu mnene apunguzapo uzito, atembeapo zaidi na kuacha vinywaji vya sukari.

Zoezi: Mgonjwa wa mafigo ana peptidi C nyingi katika damu. Je, hiyo yatosha kuthibitisha kwamba ini lake ni zima? Eleza sababu.